Mkeka wa Visiwa Vitatu

Hebu nijibu: jirani yako akizama, utamtupia kamba nzima? Usiape.

Paliondokea visiwa vitatu na zimwi moja la bahari. Zimwi hilo likiinuka halikulala mpaka lifunikwe mkeka wa ajabu, tangu utosini hadi kidole cha mguu. Kila kisiwa kilisuka theluthi yake ya ukili, na kila mwaka wakubwa walikutana, wakala biriani, wakaapa kuwa wao ni ndugu.

Siku zimwi lilipokijia kisiwa cha kwanza, wasukaji wakakusanyika ufukweni kuushona mkeka. Mize, msukaji wa kisiwa cha tatu, alishona kwa haraka kuliko wote, maana bintiye mjamzito alikuwa ameolewa kisiwani hapo.

“Ukili wenu kamili?” aliuliza Bi Zamda, mwenyeji wao.

“Kamili, dada,” alisema Bi Rehani wa kisiwa cha pili.

“Kamili, somo yangu,” alisema Mize.

“Na wangu kamili,” alisema Bi Zamda.

Wakautandika. Zimwi likapiga miayo, likalala, lakini miguu ikabaki nje, nayo haikulala. Teke la kwanza likabeba nyumba. La pili likabeba msikiti. La tatu likabeba kilima walikokimbilia wajawazito wote.

“Nani kapunja?” Bi Zamda alipiga ukelele.

“Labda zimwi limerefuka,” alisema Bi Rehani.

Mize alipatazama pale palipokuwa na kilima.

“Mimi,” alisema. “Nilikata pima saba, nikazificha darini. Nilisema likija kwetu, tusije tukawategemea ninyi.”