Mtungi Mmoja wa Asali

Hebu, mwanangu, fumba macho uione baraza ya Sultani Badrani wa Zumaridi: mawaziri wamekaa safu kwa safu, na katikati umewekwa mtungi mkubwa. Desturi yao ilikuwa hii: kila mwaka kila mji ulileta asali yake, na yote ikamiminwa humo, na Sultani akaonja kijiko kimoja, na ikiwa tamu hutangazwa kuwa nchi nzima imeneemeka.

Mwaka huo alikuwapo jini Kaimuni, mtumwa wa pete ya Sultani, aliyebakiwa na kazi moja tu kabla ya kuachwa huru. Sultani akaonja, akatabasamu, na Waziri Nasibu akashauri kazi hiyo iwe kujenga lango la pili la dhahabu, maana hakuna aliyepungukiwa.

Hapo akasimama Bi Shemsa, mjane, mjumbe wa Ukingoni, mji wa mwisho wa nchi, ambao visima vyake vilikuwa vikikauka na vijana wake wakihama. Akausogelea mtungi, akasema:

"Bwana wangu, sisi tulileta maji. Nyuki wetu wamekufa. Umeyanywa, ukasifu utamu."

"Bibi, furahini basi kwa utamu wa wenzenu," akacheka Waziri.

"Utamu ulio kinywani mwako, Waziri, mimi haunishibishi."

Sultani akamuuliza jini shauri. Naye akasimulia kwamba zamani aliwatumikia wafalme wa Ulaya, waliofunga udugu wa biashara na kuapa kuupita ulimwengu wote kwa utajiri. Lakini kila mmoja akaachiwa atimize kiapo apendavyo, na neema wakaihesabu kwa pamoja, na miji ya katikati ikanona na ya pembezoni ikakonda, na ukame ulipokuja ndugu wakatazamana kama wageni.

"Akili walikuwa nazo," akasema jini. "Ila hawakuonja asali ya mji mmoja mmoja."

Sultani akaona haya, na jini akatumwa Ukingoni, akaleta mfereji kutoka mlimani, kisha akaachwa huru. Maji yakatiririka, nyuki wakarudi, na vijana pia. Sultani akamposa Bi Shemsa, naye akakubali kwa sharti kwamba harusi iwe Ukingoni na mawaziri waende kwa miguu, kwa njia yake iliyojaa mawe. Mwaka haukwisha kabla ya barabara kujengwa, maana hakuna waziri aliyetaka kuyarudia yale mawe.

Kuna dhuluma isiyopiga wala kuiba, nayo ni kumwambia mwenye njaa kwamba sote tumeshiba. Basi nakuomba ukumbuke hili moja: ukisikia nchi imeneemeka, ulizia kwanza walio mbali.