Uji wa Ng'ambo ya Bonde

Nyumba ya bombani haimwagi uji. Methali hii mmeisikia leo mnadani, mama mmoja akimtuliza mwenzake, nanyi mmeniuliza maana yake. Nimetembea wilaya nyingi, na kwingine hawaijui kabisa. Imetoka Upareni, kwenye kijiji chenye nyumba pande mbili za bonde, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo fundi redio, jina lake Kiangi, aliyependa nyota kuliko redio. Alichukua bomba la plastiki la maji, akalipaka masizi ndani, akafunga kioo cha miwani ya kusomea upande mmoja, na upande wa kuchungulia akatia kioo kidogo cha kamera mbovu. Akalisimamisha juu ya fremu ya baiskeli. Lakini nyota ni ndogo, na kuzitafuta kwa bomba ambalo halijawekwa sawa ni taabu. Kwa hiyo mchana alilirekebisha kwa kulielekeza kwenye nyumba za ng'ambo.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Mtu anayetazama mbingu, mbona bomba lake linaelekea majikoni kwa watu? Wanawake wakaanza kufunga madirisha. Wanaume wakikutana naye njiani, wanamsalimia huku wanamkagua mikono.

Siku moja Kiangi aliingia ndani kuchukua bisibisi. Jirani yake Nakijwa akapita, akainama, akachungulia. Akaiona nyumba ya Mbaga, mkazi wa ng'ambo, bati chini, mlango juu, na kuku wanatembea wakining'inia kama popo. Hakuaga. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua kwamba Kiangi anapindua nyumba za watu. Na kwa Mbaga palikuwa pamepinduka kweli: mkewe alikuwa amerudi kwao wiki ileile, na ndama amekufa. Ndama waliokufa mwaka ule kwa watu wengine hawakutajwa.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, Mbaga alisema hawezi kuchimba mfereji mmoja na mchawi. Watu wakaondoka na majembe yao hadi uani kwa Kiangi. Shauri lilikuwa fupi: bomba livunjwe, na mwenyewe ahame.

"Linapindua au halipindui?" Mbaga akauliza.

"Linapindua," Kiangi akajibu.

Watu wakaguna.

"Kwa nini linapindua?"

"Sijui. Vioo ndivyo vilivyo. Hata mwezi naupata kichwa chini. Chungulia mwenyewe, kaka, halafu vunja."

Mbaga akainama, jembe mkononi. Akamwona mama yake kule ng'ambo, miguu juu, anaepua sufuria ya uji, na mdomo wa sufuria umetazama chini. Akaruka nyuma, akapaza sauti kama watu wa milimani wanavyoitana:

"Mama! Uji umemwagika?"

Kisha jibu likaja, kila mwenye jembe akilisikia.

"Umwagike kwa nini? Uji uko sufuriani. Kinachomwagika humu kila siku ni maneno yako, ndiyo yaliyomfukuza mkeo. Kamfuate."

Watu wakatazama chini, kila mmoja akikagua jembe lake. Aliyecheka wa kwanza ni Kiangi, tena kwa woga. Mbaga alimkabidhi jembe mtu aliyekuwa karibu naye, akashika njia ya kwa wakwe zake bila hata kubadili shati. Bomba likabaki, na mwenyewe akabaki.

Nakijwa hakulifungua tena dirisha lake la upande ule, na mimi simlaumu, maana bomba lile lilikuwa linaona mbali. Lakini tangu siku hiyo, pale kijijini mtu akileta shutuma aliyoiona kwa jicho moja, hawamkatalii na hawamkubalii. Wanamtuma kwanza akaitazame sufuria yenyewe, kwa macho yake mawili. Nyumba ya bombani haimwagi uji.