Bolti ya Tatu ya Kisu cha Namkunda

Hii imenifikia leo asubuhi kutoka kwa shemeji yangu, na yeye hasemi aliitoa wapi. Nimeipunguza maneno kidogo, maana shemeji huyo hajui kufupisha. Isomeni yote, si mistari miwili halafu mnanirudishia vidole gumba. Mwenye mtoto anayejiandaa kuondoka nyumbani aisome taratibu zaidi.

Kulikuwa na mji juu ya mlima, mbali sana, ambako ukungu uliingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Ulikaa mezani, ukalala kwenye vitanda vya wageni, na watu walishauzoea hata wakawa wanausogeza kwa mkono wakitaka kuiona chai yao. Siku nyingine mtu alimsikia jirani yake akiimba na asijue yuko upande gani.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Mtoto akitaka kuhama, iwe kwa ndoa au kwa kazi, hakupewa ng'ombe wala nguo. Alipewa kisu. Mhunzi alifua chuma, lakini mpini ulifungwa na mzazi kwa mkono wake mwenyewe: vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande wa chuma, na bolti tatu nyembamba za kuvibana. Bolti za kule zilikuwa na dume na jike. Dume liliingia upande huu, jike upande ule, yakakutana katikati ya mpini, na kila moja lilikuwa na mfereji wa bisibisi kichwani.

Mpini ukishafungwa, kisu kilitundikwa mlangoni tangu mchana hadi asubuhi ili mbao zinywe ukungu. Asubuhi alikuja Bibi Sangiwa, mkunga wa mji, mwenye masikio makali kuliko wote. Alikishika kisu akakitikisa karibu na sikio. Mpini ukinyamaza, mtoto aliondoka. Ukilia hata kidogo, mtoto alibaki na kazi ikarudiwa. Msiniulize kwa nini. Ninyi wenyewe mna mambo mnayoyafanya kwenye harusi zenu na hakuna anayeweza kuyaeleza.

Sasa, katika mji huo aliishi Fundi Kajiru. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wazazi wengine kufunga mipini, na hakuna mpini uliopita mikononi mwake ukalia. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alibaki na binti mmoja, Namkunda, aliyejifunza ukunga kwa Bibi Sangiwa miaka sita.

Siku moja wakapanda watu wawili kutoka Bondeni. Mkunga wao alikuwa amepofuka, na kule kulikuwa na wanawake wenye mimba kubwa. Wakaomba wapewe Namkunda.

"Tutasubiri," walisema, "lakini mvua zikianza, njia inafungwa miezi mitatu. Msikawie."

Namkunda alikuwa akiiota kazi hiyo tangu alipokuwa mdogo. Usoni aling'aa, kisha akamtazama baba yake, akainamisha kichwa.

Kajiru akasema, "Mwanangu, kisu chako nitakifunga kesho."

Na kweli alikifunga. Alichonga mbao za mzeituni wa mwituni, akatoboa matundu kwa keekee, akapiga msasa mpaka mbao zikawa laini. Akalibana jike kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akalikaza dume kwa bisibisi, bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakitundika mlangoni. Ukungu ukaja ukakizunguka.

Asubuhi Bibi Sangiwa akakitikisa. Mpini ukalia.

"Bolti ya tatu," alisema.

Watu wa Bondeni wakatazamana. Majirani nao wakatazamana, maana mpini wa Kajiru kulia lilikuwa jambo geni. Kajiru akakuna kichwa, akasema huenda mbao hazikukauka vizuri, akaikaza upya.

Ngoja niwaambie ukweli, kwa sababu mimi siwezi kukaa na siri. Ni yeye aliyeilegeza. Jioni, akitoka kufunga mbuzi, alipita mlangoni akaizungusha bolti ile robo mzunguko tu, kiasi cha mlio kumfikia Bibi Sangiwa sikioni. Msimlaumu haraka. Alikuwa akiifikiria nyumba ile bila sauti ya binti yake, ukungu umekaa kwenye kiti chake, na roho ilikuwa inamuuma.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Akakaza mchana, akalegeza jioni, na asubuhi mpini ukalia. Lakini alipoikaza tena, mkono wake ukagundua kitu. Alikuwa ameilegeza robo, ila ilitaka nusu mzunguko ndipo ikae sawa. Fundi hakosei kipimo cha mkono wake. Akajiambia ni ukungu, akakitundika kisu.

Siku ya tatu, hivyo hivyo. Tena nusu.

Bibi Sangiwa akamrudishia kisu.

"Kajiru, ukungu wa nyumba hii una vidole."

"Ni mbao, Bibi."

"Haya. Ni mbao."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Watu wa Bondeni walikuwa wameshafunga mizigo yao, na mmoja wao alisema wazi kuwa kesho wataondoka, na mkunga au bila mkunga. Namkunda aliyasikia hayo. Siku nzima alikuwa akianza kazi hii na kuiacha, akifagia mahali alipokwisha kufagia.

Jioni ya siku ya nne Kajiru alipata wageni waliokuja kununua mbuzi, watu wenye maneno mengi, hata hakupata nafasi ya kupita mlangoni. Akalala hajaigusa bolti. Kulipopambazuka akaamka haraka, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa. Bisibisi yake ndogo haikuwepo. Akachukua nyingine, akatoka taratibu kwenye ukungu, akakishusha kisu, akaingiza bisibisi kwenye mfereji.

Bolti ilikuwa imeshalegea.

Akasimama pale. Akaigusa tena kwa kidole. Imelegea robo mzunguko, kazi safi kabisa, kazi ya mkono aliofundisha yeye. Na bisibisi yake ndogo ilikuwa kwenye kizingiti, bado ina joto la mtu.

Namkunda akatokea kwenye ukungu na ndoo tupu. Alikuwa amerudi kuichukua bisibisi aliyoisahau. Akamwona baba yake amesimama na kisu mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine, na hakuna aliyeweza kusema yupo pale kwa sababu nyingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Kila alfajiri, nikienda kisimani." Akaitua ndoo. "Na wewe?"

"Mimi jioni."

Wakakaa kwenye kizingiti, wote wawili.

"Wewe si unataka kwenda?" baba aliuliza.

"Nataka sana, baba. Nikilala naiona Bondeni. Lakini jana nilikutazama ulivyokuwa unakula. Unaniangalia mimi, huangalii sahani. Nikasema nikiondoka huyu hatakula."

"Mimi ni mtu mzima, Namkunda."

"Mtu mzima gani anayelegeza bolti?"

Kajiru akacheka, na alipokuwa akicheka machozi yakamtoka. Akasema lile ambalo siku zote nne alikuwa akiizungusha bisibisi ili asiliseme. "Mwanangu, naogopa kubaki peke yangu."

"Na mimi naogopa kukuacha."

Basi. Maneno hayo mawili yalikuwa yamechukua siku nne. Nashangaa kila nikiyasoma, na shemeji yangu naye alishangaa, ndiyo maana akanitumia.

Kajiru akafuta uso. "Tuikaze," alisema.

"Ukaze wewe?"

"Nikikaza mimi, utasema nimekufukuza."

"Nikikaza mimi, utasema nimekutupa."

Wakafikiri kidogo. Kisha Kajiru akampa binti yake bisibisi ndogo, yeye akabaki na kubwa. Miaka yote hiyo alikuwa akilibana jike kwenye jiliwa na kufanya kazi yote peke yake, na hivyo ndivyo alivyowafundisha watu wa mji mzima. Asubuhi ile jiliwa ilibaki ndani. Akaingiza bisibisi yake upande wa jike, Namkunda akaingiza yake upande wa dume, kisu kikiwa katikati yao.

"Zungusha polepole. Ikikataa usiilazimishe, mbao itapasuka."

"Imekataa, baba."

"Basi acha."

Bibi Sangiwa alipofika akakitikisa kisu. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaufumba na mdomo ili asikie zaidi. Mpini haukusema kitu.

"Nenda, mama," alimwambia Namkunda. Kisha akamgeukia baba mtu. "Na wewe leo utakula kwangu. Sijui kupika, lakini nina maneno."

Namkunda akapiga magoti akaagana na baba yake, akawafuata watu wa Bondeni. Ukungu ukamfunika miguu, kisha mgongo, kisha kile kitambaa chekundu cha kichwani. Kajiru alilia pale barabarani, mchana kweupe, mbele za watu, na hakuna aliyemcheka. Jioni akaenda kwa Bibi Sangiwa akala ugali mbichi na maharage magumu. Akaenda na kesho yake pia.

Siku ya sita tangu Namkunda aondoke, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kunyesha, mmoja wa wale watu wa Bondeni akapanda tena, mbio, kabla njia haijafungwa. Alikuwa ametapakaa tope hadi kiunoni. Akaomba maji, akanywa, akasema, "Mzee Kajiru, nimetumwa nikwambie. Ni mtoto wa kike. Mama yake mzima."

"Mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu. Binti yako alifika saa kumi na moja jioni, na hata mzigo hajautua tukamwita. Mtoto alikuwa amelala kimkingamo tumboni, na kule kwetu hakuna mtu ajuaye kumgeuza. Amemgeuza yeye kwa mikono yake, na kitovu amekikata kwa kile kisu." Akatazama chini. "Angefika kesho yake, mzee, ningekuja na habari nyingine. Ningekuwa nimezika watu wawili."

Kajiru alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Akainua mkono wake wa kulia, akazihesabu kwa vidole zile siku nne, moja baada ya nyingine. Kilibaki kidole kimoja, cha ile siku ambayo mama yule hakuwa nayo.

Funzo: Ukimpenda mtu, mwambie uchungu wako mapema badala ya kumchelewesha kwa siri, kwa sababu mbele ya safari yake kuna mtu usiyemjua ambaye hana siku ya ziada ya kusubiri.