Kinyungu Alichoking'oa Yuditha

"Mwenye kopo asing'oe bustani." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mke wa jirani, mkatazamana, mkacheka, mkaja mbio kuniuliza kopo na bustani vina ugomvi gani. Havina ugomvi. Methali hii chanzo chake ni aibu ya mtu mmoja, na msiponikatiza mtaijua yote.

Kule Ubena, nyanda za juu zenye baridi, wanawake wana vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, matuta yanayoinuliwa kando ya kijito wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwenda zake na mashamba ya mlimani yamekauka. Hapo ndipo inapotoka mnafu, chainizi, kabichi na majani ya maboga mpaka mvua zirudi. Nyumba isiyo na kinyungu, kiangazi inakula ugali na kumbukumbu.

Katika kijiji kimoja cha huko alikuwako mwanamke aitwaye Yuditha. Mumewe, Aloni, alikuwa mpasua mbao, akikaa kambini porini wiki nzima, mara nyingine mwezi. Yuditha alibaki nyumbani na baba mkwe wake, Mzee Mligo, mgane aliyekwisha kupoteza meno ya mbele. Kinyungu cha Yuditha kilikuwa cha kwanza kabisa kijitoni, penye maji mengi, na kilichimbwa na mzee huyo pamoja na marehemu mkewe, zamani walipokuwa na nguvu zao.

Mwaka mmoja Yuditha akaitwa mjini kwenye semina. Huko akaonyeshwa kopo la kijani lenye kifuniko cheupe, na ndani yake unga wa majani na matunda yaliyokaushwa yakasagwa. Wenye semina wakasema kijiko kimoja cha unga ule katika kikombe cha maji ya moto ni sawa na kikapu kizima cha mboga na matunda, na kwamba mtu wa leo hana haja ya kuinama bondeni na jembe. Yuditha hakuwa mwongo, jueni hilo. Aliamini. Akarudi na boksi la makopo, akawa wakala, akapita nyumba hata nyumba akieleza, na maneno alikuwa nayo.

Wanawake walimsikiliza, lakini kununua walisita. Siku moja wakiwa vinyunguni, Mama Tulizo, jirani ambaye matuta yake yalifuata chini ya yale ya Yuditha, mtu wa utani tangu kuzaliwa, akamwuliza mbele ya wenzake, "Wakala, nikuulize. Kama kijiko kimoja ni kikapu kizima, wewe mgongo unaukunjia nini hapa pamoja nasi? Au ndiyo mganga hajigangi?"

Wote wakacheka. Yuditha naye akacheka, lakini maneno yale akaondoka nayo. Kesho yake asubuhi alishuka bondeni akang'oa kila kilichokuwamo: chainizi changa, kabichi zilizoanza kufunga, maboga yaliyokuwa yanatambaa mpaka majini. Akavilundika njiani ili ng'ombe wavile. Mama Tulizo alipofika alishika kiuno, utani umemwishia. Yuditha akamwambia, "Sasa mmeona kama najiganga." Wiki ile ile boksi lilikwisha, akaagiza jingine.

Mzee Mligo alikuwa ameketi juani pale ukingoni wakati wa kung'oa. Aliangalia mpaka tuta la mwisho, akainuka, akaenda zake nyumbani. Hakuuliza kitu. Na angeulizaje? Katika nyumba ile ilishikwa heshima ya zamani baina ya baba mkwe na mke wa mtoto. Hawakula pamoja, hawakuketi mkeka mmoja, na mambo ya mwili hayakutajwa kabisa. Chakula cha mzee kiliwekwa mlangoni pa chumba chake, na vyombo vikaondolewa pale pale.

Basi tangu siku ile sinia la mzee likawa ugali wa sembe, dagaa kidogo, na kikombe cha maji ya kijani. Maparachichi ya mti wa uani yalikwenda sokoni yote, kwa kuwa matunda nayo yamo koponi. Mzee alikunywa kikombe chake, akasema asante. Wiki mbili za kwanza mambo yalikuwa shwari. Halafu ugali ukaanza kurudi nusu, halafu ukawa unarudi karibu wote. Mzee akawa anakwenda chooni na kukaa huko mpaka kivuli kinahama, anarudi akishika ukuta, tumbo limemjaa chini ya koti kama amemeza ngoma. Yuditha aliona. Aliona, akajiambia ni uzee, akaongeza kijiko cha pili kikombeni. Desturi ilimziba mdomo, ndiyo, lakini tuseme kweli: hata kama desturi ingemruhusu asingeuliza, maana aliogopa jibu.

Ndipo mboga zikaanza kupotea vinyunguni. Si nyingi. Leo majani matano ya chainizi kwa Mama Tulizo, kesho kutwa konzi ya mnafu kwa mwingine, yamechumwa kwa adabu, shina halijaumizwa. Wanawake wakakutana. Yuditha, asiyekuwa na tuta hata moja, ndiye aliyesema kuliko wote. Alisema mtu mzima anayeiba mboga za kina mama amejivua nguo mwenyewe, na akikamatwa apelekwe kwa mwenyekiti, jina lake lisomwe kwenye mkutano wa kijiji hata watoto wamjue. Wakakubaliana hivyo, wakapanga zamu za kulinda alfajiri.

Asubuhi ya tatu Yuditha alikuwa jikoni uani akikoroga uji, akasikia miguu mingi na mtu akipiga hodi kwa sauti ndogo. Aliyeingia kwanza ni Mama Tulizo, amemshika Mzee Mligo mkono, si kama mtu aliyekamata mwizi, bali kama mtu anayemvusha mwenzake mto. Nyuma yao walikuja wanawake wanne, macho chini. Koti la mzee lilikuwa limelowa umande, na mifukoni majani ya chainizi yalikuwa yakichungulia.

 Mzee ndiye aliyeanza kusema.

"Macho yangu yamezeeka," alisema. "Nilidhani nimo kwenye kinyungu chetu."

Kila mtu pale alijua kwamba hapakuwa tena na kinyungu chao. Mama mmoja akashusha pumzi, akasema polepole kuwa ndio uzee huo, akili zikianza kumwacha mtu huwa hivyo, na mzee wa namna hii hapelekwi kwa mwenyekiti. Wakamtazama Yuditha aseme.

Hapo, wajukuu zangu, mlango ulikuwa wazi kwake. Akubali tu kwamba ni akili. Mzee ataitwa punguani, makopo yatabaki na sifa yao, na yeye atabaki wakala. Na Yuditha akaingia kwa mlango huo. Aliinamisha kichwa akasema, "Siku hizi anasahau."

Mzee hakubisha. Alitazama chini, kama mtu aliyetupiwa mzigo na akaupokea.

Mama Tulizo akamwachia mkono, akayasukuma majani yaliyotaka kudondoka yarudi mfukoni. "Chukua, baba," alimwambia. "Hayo nimekupa mimi. Kayale."

Lakini mzee hakuondoka. Alisimama ameweka viganja juu ya mifuko yake, akamgeukia Yuditha. "Mama," akamwuliza, "naruhusiwa kuyachemsha? Ninacho kikombe changu cha bati. Sitachafua sufuria."

Mwiko ukamtoka Yuditha mkononi. Mtu aliyekichimba kile kinyungu kwa mikono yake alikuwa akimwomba ruhusa ya majani matano, mbele za watu, na hata wakati ule alikuwa bado anamsitiri. Uso ukamwaka moto. Akapiga magoti pale pale kwenye majivu.

"Hasahau," akasema. "Huyu hasahau kitu, Mama Tulizo. Nimesema uongo sasa hivi." Kisha akafanya jambo ambalo mke wa mtoto halifanyi. "Baba, hujapata choo vizuri tangu lini?"

Wanawake wakageuza nyuso pembeni. Mzee akautazama uji uliokuwa umeanza kuungua.

"Tangu siku ile ya kung'oa," akajibu.

Walimpeleka zahanati saa ile ile. Muuguzi akamhudumia, mzee akapata nafuu, ndipo muuguzi akamwuliza Yuditha anamlisha nini. Yuditha akaeleza, akalitoa kopo ndani ya kanga. Muuguzi hakulitukana kopo. Alisema unga kama ule pengine unaweza kumwongezea mtu kidogo pale anapopungukiwa, lakini tumbo linahitaji nyuzinyuzi za mboga yenyewe, na kijiko kimoja hakina za kutosha. Tena tunda likishakaushwa na kusagwa, wema wake mwingine hupotea njiani, hata liandikwe nini juu ya kopo. "Mpe mboga, mpe parachichi, mpe maji," alisema. "Kopo ukitaka mpe pia, ila liwe juu ya hayo, lisiwe badala yake." Yalikuwa maneno mepesi. Kilichomwumiza Yuditha ni kwamba mama yake mzazi, asiyejua hata kuandika jina lake, angeweza kumwambia hayo hayo.

Aibu humfungia mtu ndani. Yuditha alijifungia siku mbili. Siku ya tatu akatoka, akaishika njia ile ile aliyopita akiuza. Nyumba hata nyumba, akisimama mlangoni bila kuketi, alieleza kwamba baba mkwe wake si mwizi wala punguani, bali yeye ndiye aliyemnyima mboga mpaka mzee akazifuata kwenye matuta ya watu. Wengine walimpokea. Wengine walimjibu mkato mkato. Mmoja alimwambia kuwa mwizi wa chainizi angalau huchukua majani matano, si bustani nzima, na Yuditha akasema, "Ni kweli," akaenda mlango unaofuata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja ambaye naye alikuwa ameanza kuacha matuta yake yaliwe na nyasi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kopo lake la kijani.

"Sasa hili nilitupe?"

Yuditha akalitazama. "Usilitupe," akasema. "Lina kazi yake ndogo. Ila mwenye kopo asing'oe bustani."

Hakulisema neno hilo kama methali. Alilisema kama mtu anayetaja kosa lake kwa jina. Lakini yule mama alilirudia kwa jirani, jirani akalipeleka gulioni, na neno likishafika gulioni halina mwenyewe. Watu walilisema kwa vijana walioacha jembe kwa kupata kibarua cha mwezi mmoja, walilisema kwa waliopata rafiki mpya wakamtupa ndugu.

Kinyungu kilipandwa upya. Mama Tulizo ndiye aliyempa Yuditha miche, na alimpa bila utani wowote, jambo lililomchoma Yuditha kuliko utani wote wa zamani. Mzee Mligo alikula mboga za tuta lake miaka sita mingine. Hakulitaja tena jambo lile, wala Yuditha hakuweza kumwomba msamaha kwa maneno mengi, kwa sababu ya heshima ile ile. Alimchagulia majani laini, akayakata madogo madogo kwa ajili ya meno yake, akayaweka mlangoni. Mzee akasema asante, kama alivyosema kwa kikombe cha kijani.

Mvi zilipomjaa, Yuditha alisafiri siku moja mpaka mnada wa wilaya nyingine. Akamkuta msichana anayeuza miche akimwonya mteja wake kwa methali hiyo, akiitamka kwa raha kama mtu aliyeikuta imeandikwa tangu enzi za mababu. Neno lilikuwa limesafiri kuliko miguu ya Yuditha, na jina lake lilikwisha kudondoka njiani. Msichana akamwona amesimama, akamwuliza, "Au si kweli, bibi?"

Uso ukamwaka moto, kama asubuhi ile ya majivu. Angeweza kunyamaza, na pale hakuna aliyemjua.

"Kweli, mjukuu wangu," akasema. "Aliyeisema alianza kwa kung'oa. Mwenye kopo asing'oe bustani."