Nguchiro, Nyati na Ua Lililotembea

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, wanangu, maana vioo na pampu za maji vilikwisha kuwepo, wanyama waliishi katika nyumba za mawe karibu na pwani. Walipika, wakafua, wakaalikana harusini kama sisi.

Mmoja wao alikuwa Bi Nguchiro. Mwili mdogo, miguu mifupi, macho hayatulii. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa na jiko kwa nyuma. Katikati ya chumba hicho aliweka tangi la kioo, akalijaza maji ya bahari, kwa sababu alitaka kumfuga anemoni.

Mnamjua anemoni? Mkimwona mtasema ni ua. Ana vidole vingi laini vinavyochezacheza majini. Lakini si ua, ni mnyama. Ana mdomo, anakula, na vidole vyake vinawasha kama upupu.

Mara ya kwanza Nguchiro alikosea. Tangi alilijaza Jumatatu, na Jumanne akamleta anemoni kutoka mwambani. Chubwi! Akamtumbukiza. Siku ya nne anemoni alinywea kama soksi iliyolowa. Siku ya sita alianza kunuka, na maji yote yakawa meupe kama tui. Akafa. Nguchiro alikaa sakafuni akalia.

Jirani yake Bi Kaa akaingia kwa mwendo wake wa upandeupande, kacha-kacha-kacha.

"Umemuua," alisema. Bi Kaa hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Lakini nilimlisha vizuri! Dagaa kila siku!"

"Dagaa ulimpa. Maji yaliyokomaa hukumpa. Tangi jipya ni kama nyumba ambayo chokaa yake bado mbichi, huwezi kumlaza mgeni humo. Weka maji, weka mawe ya mwambani, basi. Kisha subiri."

"Nisubiri siku ngapi?"

"Siku? Miezi sita, mwenzangu!"

Nguchiro akafuta machozi, akamwaga maji yale, akaanza upya. Kila asubuhi alipima chumvi. Maji yakipungua kwa joto aliongeza ya mvua, si ya bahari, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi hubaki. Mdomo wa bomba la pampu iliyozungusha maji ya tangi aliufunika kwa sifongo. Wapita njia walichungulia dirishani wakacheka.

"Bi Nguchiro anafuga mawe! Yamekwisha taga?"

"Bado," alijibu Nguchiro, akaendelea kupima chumvi yake.

Mwezi wa saba akamleta anemoni wa pili. Huyu alijishika kwenye jiwe la upande wa dirishani, penye jua, akafunguka mpana kama sahani ya pilau. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wakahamia katikati ya vidole vyake bila kuwashwa. Waliokuwa wakicheka sasa walibisha hodi.

Habari zikamfikia Bwana Nyati.

Ndi! Ndi! Ndi! Vikombe kabatini vikatikisika, Nyati akaingia, na Fisi mtumishi wake akamfuata. Katika mji ule hakuna aliyekuwa na nguvu kama Nyati. Akikitazama kiti chako tu, unasimama.

"Bi Nguchiro," alisema, "Jumapili namwoza binti yangu. Nataka ua hili liwe mezani mbele ya bibi harusi."

"Si ua, Bwana Nyati. Ni mnyama."

"Mnyama asiye na miguu? Usinichekeshe!"

"Na utamweka wapi?"

Fisi akajibu haraka, "Beseni liko tayari. Jipya kabisa! Nimelijaza maji ya kisima leo asubuhi, nikatia chumvi ya jikoni vijiko vitatu. Nimeonja mwenyewe."

Nguchiro alilitazama tangi lake. Ndani ya beseni lile anemoni asingefika hata jioni. Lakini nani atasema hapana mbele ya pembe zile? Aliwaza kidogo, kisha akainama kwa adabu.

"Ni heshima kwangu, Bwana Nyati. Ila nikuonye jambo moja. Huyu ana tabia yake. Akimkataa mtu, humhama."

"Litanihama? Ua?" Nyati akacheka mpaka maji ndani ya tangi yakafanya mawimbi. "Fisi, umesikia? Ua litaninyanyukia na kwenda zake!"

"Basi kaa naye siku tatu hapa hapa," alisema Nguchiro. "Asiposogea, mchukue na samaki wake wote wawili. Akikuhama je?"

"Likinihama sitaligusa maisha yangu yote, wala sitaruhusu mwingine aliguse!"

"Apa."

"Naapa kwa pembe zangu!"

Bi Kaa alikuwepo. Na majirani walikuwa wamejaa mlangoni, maana Nyati haendi mahali bila watu kumfuata. Katika mji ule, aliyeapa kwa pembe zake kisha akavunja kiapo, hakuruhusiwa tena kunywa kwenye kisima kimoja na wenzake.

Fisi akamnong'oneza bwana wake, "Huyu mdogo ni mjanja. Atalisukuma kwa kijiti."

"Lete mkeka wako ulale hapa, Bwana Fisi," alisema Nguchiro, aliyekuwa na masikio makali. "Siku zote tatu sitatia mkono wala kijiti ndani ya maji."

Kesho yake asubuhi, Nguchiro alikuwa ameweka kiti kikubwa chenye mito kati ya dirisha na tangi.

"Kiti cha heshima, Bwana Nyati. Karibu."

Nyati akaketi. Puu! Mgongo wake mpana kama lango uliliziba dirisha lote, na nusu ya tangi ikaingia kivulini. Nguchiro akaenda jikoni, akaufungua mlango wa nyuma, ti! ukutani. Jua likaingia kwa upande ule mwingine.

"Moshi wa jikoni utoke," alisema.

Siku ya kwanza Nyati alikula majani mabichi na maboga, akalikodolea macho tangi. Alasiri anemoni akakunja vidole.

"Linasinzia," alisema Nyati. "Limenizoea."

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, anemoni aliachia ukingo wa mguu wake kwenye jiwe, ule mguu mmoja laini ulio chini ya mwili. Akavutika kidogo. Akashika tena. Akavutika.

"Bwana Mkubwa!" Fisi aliruka juu. "Limesogea! Kama upana wa kidole!"

"Huoni vizuri."

Fisi akalitazama tangi, akamtazama bwana wake, akalitazama dirisha. "Bwana Mkubwa, hebu sogea upande kidogo. Naona kama unaziba..."

Nguchiro aliona siri yake inafichuka. Lakini mdomo wake haukuchelewa.

"Kweli, Bwana Nyati. Fisi yuko sahihi. Labda kiti cha heshima kinakuzidi. Nikuletee kigoda uketi kule pembeni?"

Nyati akafura kama unga wa maandazi. "Nani akae kigodani? Fisi, unataka mimi nisogee? Mimi?"

"La, Bwana Mkubwa, nilikuwa nasema tu..."

"Nyamaza! Ukifungua mdomo tena, utakula harusi ukiwa nje ya uzio!"

Fisi akarudi mkekani. Nyati akajikita kitini, hata ule mwanga mdogo uliokuwa ukipenya kwapani mwake ukazimika.

Siku ya tatu anemoni alitoka kabisa kwenye jiwe lake. Alipita polepole kwenye mchanga uliokuwa ndani ya tangi, akaelekea moja kwa moja kwenye bomba la pampu. Nguchiro alishika kiti chake kwa kucha. Pampu humvuta anemoni akasagika kama nyama ya kusaga, naye alikuwa ameahidi kutotia mkono. Anemoni akafika bombani. Akaugusa mdomo wa bomba, akakuta sifongo. Akapumzika juu yake muda mrefu, hata Bi Kaa, aliyekuja na majirani kutazama, akaacha kutafuna. Kisha akajivuta mbele, akapanda jiwe la upande wa jikoni, na pale juani akafunguka vidole vyote. Wale samaki wawili wakamfuata, wakajitupa kifuani mwake.

"Lo!" walisema majirani kwa pamoja.

Nyati alisukuma kiti nyuma. Alisimama, akaweka pua kwenye kioo, kioo kikaingia ukungu.

"Nimekaa kimya siku tatu," alisema taratibu. "Hata chafya sikupiga."

Nguchiro alimwonea huruma kidogo, ila si kwa kiasi cha kufungua mdomo.

"Umeapa, Bwana Nyati," alisema Bi Kaa.

"Nimeapa." Akageuka, akatoka, ndi, ndi, ndi. Harusi ya binti yake ilipambwa kwa asumini, na ikapendeza.

Fisi alibaki nyuma akikunja mkeka. Akakitazama kiti. Akalitazama dirisha, ambalo sasa lilimwaga jua chumba kizima. Akautazama mlango wa jikoni.

"Ni jua," alisema kwa sauti ndogo. "Lilikuwa linafuata jua!"

"Ndiyo," alisema Nguchiro. "Mkimbilie basi. Kamwambie kuwa alijizibia dirisha mwenyewe."

Fisi alifikiri. Alikumbuka ile sauti ya jana, na pembe zile.

"Mimi?" alisema, akatia mkeka kwapani. "Sikuona kitu mimi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu: mwenye kukijua kitu humshinda mwenye kukitaka.