Kalunde na Kiko cha Wake Wenza

Mwanzo wa kiko ni kikohozi.

Mliyasikia maneno hayo jana msibani, yule kijana aliposimama kutoa pole, ulimi ukamkwama, akamwita marehemu kwa jina la mjane. Nyinyi mkaangaliana na kuuma midomo ili msicheke. Mzee aliyekaa karibu naye akasema hivyo, na watu wazima wote wakaitikia. Sasa mnaniuliza kiko kimeingiaje msibani. Haya, kaeni. Wewe unayepukuchua mahindi endelea na kazi yako, utasikia hukohuko. Mimi sivuti tumbaku, wala siwaambii mvute. Lakini maneno yale yalitoka kwenye kiko kwelikweli, na nitawaeleza yalivyotoka.

Upande wa Sikonge, katika kijiji cha Itundwe, pale mashamba yanapokoma na msitu wa miombo kuanza, waliishi wajane wawili wa mume mmoja. Mkubwa aliitwa Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Mdogo aliitwa Nyanzala, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa. Watu walingoja wagombane kama wanavyogombana wake wenza, wakangoja hadi wakachoka. Mume wao alipofariki, waligawana mbuzi, mashamba na vyungu. Kitu ambacho hawakukigawana ni kiko. Kilikuwa kimoja, cha udongo mweusi, chenye mrija wa mwanzi. Kila jioni, kazi zikiisha, Kabula alikitia tumbaku, akakiwasha kwa kaa la moto, akavuta kwanza, kisha akampa mwenzake. Nyanzala naye akavuta, akakirudisha. Kiko kikienda na kurudi, mazungumzo nayo yalikwenda na kurudi: mbuzi aliyekonda, mvua iliyochelewa, ndoto ya usiku uliopita. Hawakuwa na siri yoyote kubwa. Walikuwa wamezoeana tu.

Kabula hakujaliwa mtoto. Nyanzala alizaa mmoja, Mihambo, na wote wawili wakamlea hivi kwamba alipokuwa mdogo hakujua ni yupi aliyemzaa. Mihambo alipokua akawa mrina asali, mtu wa kukaa msituni na mizinga yake kwa muda mrefu. Akamwoa Kalunde, binti wa kutoka Nzega. Kalunde alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, akalelewa nyumba hii na ile. Alipofika Itundwe akapata mama wawili kwa mpigo. Nyanzala ndiye aliyemfundisha kuutambua uyoga wa kula na ule wa sumu, na jinsi ya kukausha viazi vitamu vilivyochemshwa mpaka viwe matobolwa mazuri. Miaka ikapita bila Kalunde kushika mimba. Watu walipoanza kunong'ona, Nyanzala aliwajibu hadharani, "Huyu ni mwanangu. Mkitaka kuhesabu watoto, hesabuni wa kwenu."

Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, Kabula aliugua kifua, akafariki.

Nyanzala hakupiga mayowe. Alizika, akapokea wageni, akawashukuru. Wageni walipoondoka, alikaa mlangoni pa nyumba yake, akajaza kiko tumbaku kama kawaida, kisha akakilaza mapajani bila kukiwasha. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Kalunde alimpelekea ugali na mlenda. Alikula matonge machache tu, ukapoa. Alimsemesha, alijibiwa kwa kichwa. Mwili wa yule mama ukaanza kupungua, mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili.

Jioni moja Kalunde alimletea kaa la moto juu ya kigae.

"Mama, vuta hata kidogo. Utapata usingizi."

Nyanzala aliliangalia lile kaa mpaka likafunikwa na majivu. "Nikishavuta," alisema, "nimpe nani?"

Hakusema kitu kingine siku ile, wala siku nyingi zilizofuata.

Kalunde alirudi nyumbani kwake na swali lile. Alikuwa hajawahi kuvuta tumbaku maishani mwake. Hata harufu yake ilimkera. Lakini aliona jambo moja waziwazi: mama wa pili alikuwa anamponyoka. Akaamua kujifunza. Akaamua pia kujifunza kwa siri, maana aliogopa kwenda mbele ya mama mkwe wake na kuharibu kitu kilichokuwa cha marehemu.

Alitoboa gunzi la mahindi, akachomeka kijiti cha mwanzi, akapata kiko chake. Kisha akaenda kwa jirani yao, mzee Ntulu, aliyelima tumbaku nyuma ya nyumba na kuisokota kama kamba. Ilikuwa nyeusi, ngumu, na ilinuka kama ngozi mbichi. Kalunde alikata kipande, akajificha nyuma ya ghala, akawasha, akavuta kwa nguvu kama mtu anayekunywa uji kwa mrija. Moshi ulimshuka hadi tumboni. Dunia ikamzunguka, jasho likamtoka, akatapika akiwa ameshika ukuta wa ghala kwa mikono miwili.

Alidhani kosa ni la tumbaku. Siku ya gulio akatafuta nyingine, ya majani ya manjano yaliyokaushwa kivulini, na muuzaji akamwapia kwamba hiyo ni laini hata kwa mgonjwa. Haikumtapisha mara moja, ila iliwaka upesi kama nyasi kavu na kumuunguza ulimi, na mwishowe alitapika vilevile. Akaijaribu ya tatu, ile ambayo warina asali huishindilia pamoja na asali ndani ya gome la mti. Hiyo ilinukia vizuri, akafurahi. Lakini kwa ulaini wake ilimhadaa avute sana, nayo ikawa inazimika kila mara kwa unyevu. Akavuta na kuwasha, akavuta na kuwasha, mpaka akajilaza chini kichwa kikimwanga.

Sasa, ghala lile lilikuwa karibu na njia ya kisimani. Wanawake walimwona Kalunde akitoka nyuma yake mara kwa mara, amepauka, anajifuta mdomo. Mmoja alimsikia akitapika. Mnajua habari inavyokua kisimani. Kabla ya mitungi kujaa, ilikuwa imeamuliwa kwamba mke wa Mihambo hatimaye ni mjamzito. Wengine walifurahi kwa dhati. Wengine walicheka. Na mtu mmoja aliyekuwa akienda kambini kwa warina asali akaibeba habari ile hadi msituni.

Mihambo aliacha mizinga yake, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Alifika mchana, vumbi hadi nyusi, amebeba kibuyu cha asali nyeupe, ile ambayo hakuwahi kuiuza. Alimkuta Kalunde anatwanga.

"Nimesikia, mke wangu," alisema kwa furaha.

Mchi ukasimama hewani. "Umesikia nini?"

"Kwamba unatapika."

Kalunde aliuweka mchi chini. Alimwangalia mumewe, akakiangalia kibuyu, akaelewa yote. Laiti angeweza kumpa jibu jingine, angempa.

"Si mimba, Mihambo. Ni tumbaku."

"Tumbaku?"

"Najifunza kuvuta kiko."

Mihambo aliketi juu ya kinu kingine kilichokuwa kimelala pembeni. Kibuyu akakilaza mapajani. "Njia nzima," alisema, "nilikuwa nachagua jina."

Hapo Kalunde alilia. Alilia kwa ajili ya jina lile ambalo hakuliuliza, na kwa miaka yote ile. Mihambo aliposikia kilio akapandwa na hasira, kama wanaume wengine wanavyofanya wasipojua pa kupeleka uchungu wao.

"Watu wanatucheka! Mwanamke mzima unajificha nyuma ya ghala na moshi! Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mama. Hali, hasemi. Anakwisha, nawe uko msituni."

"Mama ana huzuni. Huzuni huisha yenyewe."

"Hii haiishi. Umemtazama? Nenda ukamtazame."

Ua wao ulikuwa mmoja, na Nyanzala alikuwa mlangoni pake kama kawaida, kiko mapajani. Yote yalikuwa yamemfikia. Kalunde alifuta machozi kwa pindo la kanga, akachukua kaa la moto jikoni, akavuka ua mbele ya macho ya mumewe na ya wanawake wawili waliokuwa wakipita na mitungi. Hakugusa kigoda alichokuwa akikalia Kabula, kilichobaki kando ya mlango. Alipiga magoti, akakaa chini kwenye mchanga.

"Mama, naomba kiko."

Nyanzala alikifunika kiko kwa kiganja.

"Naomba nikae nawe tuvute. Sijui kuvuta vizuri. Nimejaribu ya mzee Ntulu, ikanitapisha. Nimejaribu ya gulioni, ikaniunguza ulimi. Nimejaribu ya asali..."

"Ya Ntulu?" Sauti ya Nyanzala ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Umevuta tumbaku ya Ntulu?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto wewe. Ile Ntulu mwenyewe haivuti. Anafukuzia siafu."

Nyanzala alikitazama kiko, akakizungusha mkononi. Kisha akamnyooshea. Kalunde aliweka kaa juu ya tumbaku, akatia mrija mdomoni, akavuta kama alivyozoea, kwa kifua chote.

Kikohozi kilichomtoka hakikuwa cha mchezo. Kilimkunja, macho yakamtoka, makamasi yakamtiririka, kuku wakakimbia kutoka chini ya uchaga. Wale wanawake wa mitungi waliangua kicheko. Mihambo alivuka ua mbiombio, aibu imemjaa, akanyoosha mkono amnyang'anye mkewe kiko.

"Mama, mkataze! Ataumia bure."

Nyanzala alimshika mwanawe mkono. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama kuni, lakini haukuachia.

"Mwache," alisema. "Mwanzo wa kiko ni kikohozi."

Akawatazama wale wanawake pale njiani, nao kicheko kikawaishia. Kisha akaanza kumpigapiga Kalunde mgongoni, taratibu.

"Mimi nilipoletwa hapa nilikuwa mdogo kuliko huyu," alimwambia Mihambo. "Nilikuwa namwogopa Kabula kama simba. Nikasema, nikienda kuomba kuvuta naye, labda hatanichukia. Nilikohoa mpaka nikaangusha kiko kwenye bakuli la uji wa baba yako. Kabula hakunicheka. Alinipiga mgongo hivi." Mkono wake ulisita, halafu ukaendelea. "Hivi hivi. Kabula."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mazishi. Alipolitaja, machozi ambayo hayakutoka kaburini yalitoka pale, mengi, na Kalunde, huku bado anakohoa, akamshika. Mihambo alisimama kama mti. Kisha naye akachuchumaa chini, akaweka kichwa chake kwenye goti la mama yake, kwa kuwa Kabula alikuwa mama yake pia na hakuwa amemlilia.

Walipotulia, Nyanzala alijipangusa uso kwa kiganja.

"Umekosea tangu mwanzo," alimwambia Kalunde. "Moshi si maji, haumezwi. Uache mdomoni, uutoe. Na usivute kwa haraka, hakuna anayekukimbiza. Tumbaku zote ulizojaribu zilikushinda kwa sababu hiyo. Isipokuwa ya Ntulu. Ile ingemshinda hata faru. Haya, lete."

Akavuta, akautoa moshi polepole, akamrudishia. Kalunde akavuta kidogo, akakohoa kidogo, akarudisha. Jua lilipoanza kushuka, Nyanzala aliuliza kama kuna matobolwa yaliyobaki. Alikula bakuli zima, akachovya katika asali ile nyeupe, na Mihambo akakaa kumtazama akila.

Sitawadanganya kwamba baadaye Kalunde alizaa mapacha. Hakuzaa. Mihambo alibaki nyumbani msimu mzima ule, na tangu hapo hakukaa msituni muda mrefu bila kurudi. Nyanzala aliishi miaka mingine mingi, akanenepa kidogo, akawa msemaji kama zamani. Na kusema kweli, Kalunde hakuipenda tumbaku hadi mwisho. Alivuta mara moja au mbili tu, akarudisha. Alichokipenda ni kule kurudisha.

Maneno ya Nyanzala yalianza safari yao hapohapo uani. Mmoja wa wale waliocheka alikuja siku ya pili na mboga, akasimama hajui aanzie wapi, akaomba radhi nusu na kusahau nusu. Nyanzala alimkaribisha kwa maneno yaleyale. Mihambo naye aliyapeleka kambini, wenzake walipomcheka mrina asali mpya aliyekimbia nyuki na kuacha mzinga wazi. Kutoka kambini yakafuata asali ilikouzwa, hadi yakafika huku kwetu.

Lakini nimeambiwa kwamba watu waliendelea kumtania Kalunde kwa siku ile. Walimuuliza kama hakuona haya kukohoa vile, makamasi yanamtoka, mbele ya mumewe na mbele ya kijiji.

"Ningeona haya," aliwajibu, "kama ningebaki kwangu napumua vizuri, na mama anakufa ng'ambo ya ua."

Basi ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Mwanzo wa kiko ni kikohozi.