Kikao Hakivuki Mpaka

Kikao hakivuki mpaka. Nimelisema neno hilo mara moja tu tangu asubuhi, na wajukuu zangu wanne mmeweka simu chini mkaniuliza limetoka wapi. Afadhali mmeziweka chini. Wiki ya tatu sasa mnapanga safari ya kwenda kuimba Harare. Kundi lenu la kwenye simu lina mwenyekiti, mweka hazina na msemaji, lakini hakuna hata mmoja aliyefika stesheni ya Nakonde, hapo ng'ambo tu, akauliza treni inaondoka siku gani. Basi sikilizeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa hapa Tunduma, wakati huo nikiwa na meno yangu yote.

Kule Peramiho alikuwepo mjane wa Kingoni, Sekunda Haule. Mtoto wake wa pekee, Yustina, alikuwa muuguzi Gaborone, nchi ya Botswana, na huko akapata mchumba. Tarehe ya ndoa ilipopangwa akampigia mama yake simu. "Mama, siku hiyo kanisani ataitwa mtu wa kunikabidhi. Usipokuja atasimama matroni wetu wa hospitali. Ni mtu mwema, lakini si wewe."

Sekunda akampelekea habari kaka yake mkubwa, Mzee Gervasi, msemaji wa ukoo. Mzee Gervasi hakuwa mtu mbaya. Alipenda vikao tu, kama wengine wanavyopenda pombe. Akaunda kamati, nayo kamati ikaona ukoo mzima hauwezi kumpeleka ugenini mtu mmoja kama mkimbizi. Waende watatu, wote wanaume, kwa ndege, walale hoteli yenye kifungua kinywa. Makisio yalipojumlishwa yalitosha kujenga nyumba, wakaahirisha ili watafakari. Na kila walipokaa alichinjwa kuku wa Sekunda, maana yeye ndiye mwenye shughuli. Kikao cha saba kilipokwisha, kuku walibaki wawili na harusi ilibakiza mwezi mmoja.

Hapo mwanamke akachoka. Hakugomba. Alichukua kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akaenda nayo sokoni. Kila aliyewahi kufika kusini, awe dereva wa lori, muuza vitenge au mtawa, alimuuliza mambo matatu: ulipanda nini, ulilala wapi, na nani alikuibia? Majibu akayaandika. Treni daraja la tatu kutoka Nakonde, ina siku zake, ukiikosa umeula wa chuya. Lusaka masista wana chumba cha wageni nyuma ya zahanati, na ukiosha vyombo hawakudai kitu. Chakula ni karanga, mihogo mikavu na mfuko wa dagaa wa Ziwa Nyasa. Pasipoti na nauli vikatoka kwenye kitanda chake cha mninga, alichokiuza, pamoja na kuku wawili walionusurika.

Kwa Tunduma alikuwa ameandika gesti. Alipoambiwa bei akaikata, akaandika juu yake: "Mbena yeyote."

Mnajua Wangoni na sisi Wabena ni watani. Nilikuwa nauza mchele sokoni, mchana wa jua kali, nikasikia mtu anauliza kwa sauti, "Mbena ni nani hapa?"

"Ni mimi," nikamjibu. "Mngoni umefuata nini? Mlisahau ng'ombe mmoja?"

"Tulikusahau wewe. Nimekuja kulala kwako."

"Babu zako walichoma nyumba ya babu yangu, leo wewe unataka chumba?"

"Ndiyo nimekuja kukagua kama mmejenga."

Watu sokoni wakaangua kicheko. Nikaunyakua mfuko wake, nikachota nusu ya dagaa, haki yangu ya utani. Yeye akanivua kanga ya begani akajifunga. Alilala kwangu siku mbili akingoja treni, wala hakutoa hata senti. Nilipoisoma kalenda yake nikaona pengo. Baada ya Lusaka hakuwa na pa kulala, ameandika tu, "Mungu na kuuliza." Nikampa jina la mteja wangu wa mchele, mama mmoja wa Nakonde, ambaye dada yake anakaa Livingstone.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza hadi mpakani. Tukiwa kwenye foleni, simu yake ikalia. Akaiweka sauti kubwa kwa sababu ya kelele za malori, hivyo nilisikia yote.

"Dada, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mzee Gervasi. "Kikao cha nane kimeanza, watu wamekaa, hatuoni kuku!"

"Niko Tunduma, kaka. Nimelala kwa Mbena, nina mfuko wangu wa dagaa. Naenda kwa mwanangu."

"Nani kakuruhusu? Mama wa bibi harusi kulala kwa Wabena na kubeba dagaa! Unatutia aibu. Rudi. Kamati imeamua tuandike barua ya salamu, isomwe kanisani."

Sekunda akanitazama. Macho yalimjaa machozi, sitawadanganya. Maishani mwake hakuwahi kumkatalia kaka yake.

"Kaka, nakuheshimu," akasema. "Lakini mwanangu hatakabidhiwa na barua. Hicho kikao chako kimefika wapi?"

"Kimefika wapi vipi? Kipo hapa barazani kwangu."

"Mwezi wa tatu kipo hapo barazani. Mimi juzi nilikuwa Njombe, leo naingia Zambia. Kikao hakivuki mpaka, kaka. Anayevuka ni mtu."

Akazima simu, akajitwika mfuko wake, akasogea dirishani. Ofisa akamuuliza huko aendako atalala hoteli gani. "Nitalala kwa watu," akajibu. Ofisa akamwangalia, akagonga muhuri.

Alifika Gaborone siku mbili kabla ya harusi. Kanisani, padri alipouliza nani anamleta binti huyu, matroni alikwisha kuinuka kidogo, kwa mazoea ya kusaidia. Sekunda akamtangulia. Alisimama na kitenge kilichokunjamana, akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiokijua, "Mimi mama yake. Nimekuja mwenyewe." Yustina alilia hadi ibada ikasimama. Hayo alinisimulia Sekunda aliporudi kunidai dagaa wake.

Mzee Gervasi aliitisha kikao cha kumhoji. Kwa kuwa hakukuwa na kuku, hakuna aliyekuja. Miaka iliyofuata ndiye aliyeisambaza methali hii, tena kwa kujisifu, kana kwamba ni yake.

Sasa naona Erasto umeshavaa viatu. Vema. Stesheni hufunga dirisha saa kumi, na hapo ng'ambo umuulize mama yule wa mchele kama Harare ana ndugu. Mwenyekiti na mweka hazina waache waendelee na kundi lao. Wewe nenda, mwanangu. Kikao hakivuki mpaka.